Samaki wa Bamdogo na maji ya kisima chetu

Juzi mwanangu kaniona nimejaza ndoo ya maji ya bomba nikaiacha barazani bila mfuniko, akauliza mama hayo maji si yataingia vumbi, nikamwambia nayaacha mpaka kesho dawa itoke ndo tuwawekee samaki. Akafikiri kidogo akasema, "Sasa si bora tuchukue ya kisima cha bibi, yale hayana dawa." Nikabaki nimesimama. Sikumjibu mpaka usiku maana kashanipeleka Kigamboni, kwenye ile likizo ya Bamdogo.

Daraja lilikuwa halijajengwa, kila kitu kinavuka na pantoni, na bomba mtaani kwetu hamna, wote tunachota kisimani. Bamdogo enzi hizo yuko Kigoma na wale wanaovua samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika kwa ajili ya kupeleka nje. Akaja na treni, siku mbili na ushee njiani, begi la nguo dogo ila ana boksi la foma kalikumbatia kama mtoto mchanga na haruhusu mtu alishike. Ndani mifuko ya nailoni, maji kidogo, juu imejazwa oksijeni, na samaki wadogo hawafiki hata urefu wa kidole changu. Alikuwa kawanyima chakula tangu kabla ya safari ili wasichafue maji kwenye mfuko. Wote walifika wazima.

Tangi la kioo akalipata mjini, likavuka na pantoni likiwa limefungwa blanketi. Kilichobaki ni maji na hapo mama ndo akaja juu.

"Shemeji, maji ya hapa makali. Sabuni haitoi povu, birika langu lote limeota ukoko mweupe. Utaviua hivyo viumbe bure."

Bamdogo akaomba aletewe birika, akaingiza kidole ndani akakwangua ule ukoko, akauangalia kwenye mwanga. "Shemeji, huu ndo ninaoutafuta."

Akatukalisha akatuelezea, mimi nilikuwa darasa la sita na nilimeza kila neno. Kwamba ardhi yetu chini ni jiwe la matumbawe, lile lile tunalojengea, mvua ikinyesha maji yanapenya kwenye lile jiwe yanayeyusha chokaa taratibu, ndo maana sabuni inashindwa. Na Ziwa Tanganyika nalo maji yake yana madini mengi na yana ubesi, yani kinyume cha asidi, pH yake (kile kipimo cha asidi na ubesi, 7 ndo katikati) inakaribia 9, kwa hiyo samaki wa kule ukiwaweka kwenye maji laini ya mvua unawatesa. Ila hakuchota kienyeji. Alionja kwanza, akatema, akaenda kuonja na ya kisima cha jirani aliye karibu zaidi na bahari, hayo akayakataa kabisa akasema bahari imeshaingia humu, huyu akivuta sana na pampu baada ya muda atakuwa anavuta chumvi tupu.

Alafu alikuwa na kichupa cha matone ya kupimia pH. Maji yametoka kisimani sasa hivi, kadondosha, rangi ikawa kijani inayoelekea bluu. Akajaza beseni kubwa la kufulia akaniambia, "Mama, shika hili kopo, chota umimine kutoka juu, chota umimine, usichoke." Umeme siku hiyo haukuwepo kwa hiyo pampu ya hewa ilikuwa pambo tu. Nikamimina mpaka mkono ukauma. Akasema maji ya chini ya ardhi hayana oksijeni ya kutosha na yamebeba hewa ukaa nyingi, samaki akiingia humo hivo hivo atapanda juu kutweta hata kama maji ni masafi vipi, kwa hiyo lazima yapumzike kwanza. Kesho yake asubuhi kapima tena maji yale yale ya kwenye beseni, rangi ikawa bluu kabisa. Yani maji hayajaongezwa kitu, yamelala tu nje na pH imepanda kwa sababu ile hewa ukaa imetoka. Nilishangaa na mpaka leo hilo jambo nalipenda sana.

Mchanga tulishauosha mpaka ukaacha kutoa vumbi. Kutoka kwenye begi akatoa makombe ya konokono wa ziwani, akayapanga juu ya mchanga, samaki akawazoesha kidogo kidogo, anaongeza kikombe cha maji ya kisima kwenye maji yao ya safari, anasubiri, anaongeza tena, ikachukua saa nyingi tu. Alafu akawaachia.

Mmoja, dume, ana doa linalong'aa kwenye shavu, jina lao la kitaalamu ni Lamprologus ocellatus, alikaa pembeni anatuangalia. Kweli alikuwa anatuangalia, macho yao yanazunguka. Baadae akaenda kwenye kombe moja akalizunguka, akaingia kichwa akatoka, akaanza kuchimba. Anachota mchanga kwa mdomo anaenda kuutema mbali, anarudi, anachota tena, upande ule ule wa chini ya kombe mpaka likaanza kuinama. Likikaa vibaya analisukuma kwa mdomo, likikataa anahamia upande wa pili. Lilipogeuka mdomo ukaangalia juu, akatupa mgongo akaanza kupiga mkia kwa nguvu, mchanga ukaruka ukafunika kombe lote, likazama, kikabaki kitundu tu. Akaingia humo. Akatoa kichwa. Hakuna aliyemfundisha, na katoka kusafiri nchi nzima ndani ya mfuko, kakuta maji ya kisima cha Kigamboni akaona hapa panajengeka. Mama alikuwa kasimama nyuma yangu na kanga begani, chai imepoa jikoni, na hakusema kitu mpaka mwisho, akasema tu, "Kumbe."

Likizo ikaisha, Bamdogo akarudi Kigoma, tangi akaniachia mimi. Masharti yake yalikuwa machache: chakula kiduchu tu, maana kwenye maji yenye pH ya juu ile amonia ya uchafu wao inakuwa sumu kali zaidi, na maji nibadilishe kidogo kidogo, nisitoe yote kwa mara moja. Nilifuata. Wiki kadhaa baadae nikaona kwenye mdomo wa kombe la jike vitoto vidogo sana, nikakimbia kwa mama kuomba simu.

Siku hizi kule kumejengwa nyumba na nyumba, kila nyumba na shimo lake la choo, kwa hiyo kisima kile kile sikiamini tena kwa macho. Chokaa itakuwa bado ipo lakini naitreti, kemikali inayoingia majini kutoka kwenye uchafu wa vyoo, haina rangi wala harufu, na kiwango cha juu cha WHO, Shirika la Afya Duniani, kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita. Kwa hiyo nilimwambia mwanangu tutaenda na vipimo, na tutapima pia kwa ajili ya bibi anayeyanywa, sio samaki tu.

Kuna kitu hakijaisha lakini. Mwaka ule ule kaka alinunua mjini neoni, wale wenye mstari wa bluu na mwekundu, akawaweka kwenye tangi lake dogo na maji ya kisima hicho hicho, yamepumzishwa vizuri tu. Hawakumaliza wiki. Bamdogo kwenye simu akasema hao asili yao Amazon, maji laini yenye asidi, mlitegemea nini. Kaka mpaka leo anakataa, anasema walitoka dukani wagonjwa na rafiki yake alikuwa nao kwenye maji ya kisima wakaishi. Kila Idi wakikutana wanaanza upya. Nimekuja kusoma kwamba neoni wengi wanaouzwa wamezalishwa na wafugaji na wakizoeshwa taratibu baadhi wanavumilia maji magumu kiasi, hapo naona kaka ana hoja. Ila kaka hakuwazoesha, aliwamimina siku ile ile, nilikuwepo. Na wale wa Bamdogo nao tuliwazoesha kutwa nzima. Sasa ilikuwa maji, ugonjwa au haraka? Nikiulizwa nasema maji, kwa sababu nampenda Bamdogo, lakini ushahidi sina.