Daftari la Novemba

Jana usiku mpwa wangu alilitoa daftari langu la buluu kwenye sanduku la vitabu, akaketi nalo kwenye meza ya jikoni, akaanza kunisomea kwa sauti hukumu ambazo nimekuwa nikizitoa tangu mwaka 2008 juu ya vijana wanaosajiliwa na klabu za futiboli ya Australia, mchezo wa mpira wa umbo la yai unaopigwa kwa miguu na kudakwa kwa mikono. Ana miaka 15, anaucheza mchezo huo kila Jumamosi wakati wa msimu, na katika mambo ya mpira hana huruma na mtu. "Mjomba," alisema, "hapa umeandika kwamba kijana huyu atatuletea ubingwa ndani ya miaka mitano. Ni nani huyo?" Sikuhitaji kuutazama ukurasa wenyewe. Nilijua kuwa ni Jack Watts.

Nikitamka neno drafti mbele ya watu wa kwetu Mombasa, wengi hufikiria ubao wa miraba na vizibo vya soda. Huku Melbourne drafti ni jambo la mwezi wa Novemba, ambapo klabu 18 za ligi kuu huchagua vijana kwa zamu, wengi wao wakiwa na miaka 18, na klabu iliyoshika mkia msimu uliopita ndiyo hutangulia kuchagua ili wanyonge nao wapate nafasi ya kuinuka. Kijana hana usemi kuhusu aendako. Aliyelelewa Perth huweza kuamka akiwa mali ya klabu ya Sydney. Tena hupewa namba ya zamu aliyochaguliwa, na namba hiyo humganda kuliko hata ile anayovaa mgongoni, kiasi kwamba miaka kumi baadaye watu bado huitaja kabla ya kutaja jina lake.

Watts alikuwa namba 1 mwaka 2008. Melbourne, timu niliyoipenda kwa sababu tu ina jina la mji ulionipokea, ilikuwa imemaliza ya mwisho kati ya timu 16 zilizokuwapo wakati huo kwa kushinda mechi tatu pekee, na sisi mashabiki tulikuwa kama watu wanaosubiri mvua. Niliandika ukurasa mzima: ana urefu wa sentimita 196, anakimbia kama mtu mfupi, anapiga mpira vizuri kwa miguu yote miwili. Yote hayo nilikuwa nimeyaokota kwenye video fupi, na video ya namna hiyo huonyesha mipira aliyoidaka kijana, si ile iliyomponyoka. Shemeji yangu, ambaye wakati huo alikuwa akikaa nasi, alitikisa kichwa kwa kuridhika akasema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Methali hiyo nimeisikia kila Novemba tangu siku ile, na nimeanza kuichukia kidogo.

Juni 2009, katika mechi ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Malkia dhidi ya Collingwood, klabu nyingine ya mji wetu, Watts alichezeshwa kwa mara ya kwanza akiwa bado mwanafunzi wa darasa la mwisho la sekondari. Nilikuwepo uwanjani, juu kabisa, nimejifunika blanketi. Mpira ulipomfikia, wachezaji kadhaa wa Collingwood walimvamia kwa pamoja wakamlaza chini, na upande wa pili wa uwanja ulilipuka kwa furaha kana kwamba wamefunga goli. Ninachokumbuka zaidi ni mdomo wangu mwenyewe. Nilisema, kwa Kiswahili ili majirani wasinielewe, "Aa, huyu mtoto laini." Usiku ule niliandika neno hilo, laini, pembeni mwa ukurasa wa Novemba, na lingali pale kwa wino mweusi. Nilikuwa nimemchukulia mvulana wa shule kama mtu mzima, halafu nikamlaumu kwa kuwa mvulana wa shule.

Mpwa wangu alitaka kujua kama nilikosea. Swali hilo si rahisi kama anavyodhani. Watts alicheza mechi 174 katika ligi kuu, 153 kati ya hizo akiwa nasi, na hiyo ni kazi ambayo vijana wengi wanaosajiliwa hawaifikii hata nusu. Lakini Nic Naitanui, aliyechaguliwa namba 2 mwaka uleule na West Coast, aliteuliwa mara tatu kwenye kikosi bora cha msimu cha Australia nzima, na kila aliporuka kuukwapua mpira katikati ya uwanja, sisi tuliokuwa Melbourne tulihesabu kama deni alilotukopa Watts. Hakuna aliyehesabu kwamba Watts alipita mikononi mwa makocha wakuu wanne, mbali na wa muda, katika timu iliyokuwa ikifungwa kila wiki, wala kwamba mshambuliaji hawezi kudaka mpira usiomfikia. Juni 2017, kwenye mechi ileile ya sikukuu na dhidi ya Collingwood walewale, ndiye aliyefunga goli la dakika za mwisho, ambalo katika mchezo huu ni pointi sita, tukashinda kwa pointi nne. Nililia siku ile. Miezi michache baadaye klabu ilimhamishia Port Adelaide, na sikuandika chochote.

Tukafika mwaka 2013, na hapo mpwa wangu akanibana kweli. Nilikuwa nimeandika nusu ukurasa juu ya Tom Boyd, mshambuliaji mwenye urefu wa mita mbili aliyekuwa namba 1 wa mwaka huo. Baada ya msimu mmoja tu alihamia Western Bulldogs kwa mkataba mkubwa uliozungumzwa hadi kwenye foleni za mikate. Mwaka 2016 alifunga magoli matatu kwenye fainali iliyowapa Bulldogs ubingwa wao wa kwanza tangu 1954. Na mwaka 2019, akiwa na miaka 23, aliacha mchezo, akazungumza waziwazi juu ya afya yake ya akili. Kwenye daftari nilikuwa nimemwandikia kuwa ana mabega mazuri.

"Na Aliir Aliir je?" aliuliza mpwa wangu. "Naye si alichaguliwa mwaka huohuo?" Kweli, Sydney walimchukua akiwa namba 44, na kwenye daftari hayupo, hata kwa mstari mmoja. Jambo hili ndilo lililoninyima usingizi. Aliir alizaliwa Kakuma, kambi ya wakimbizi ambayo binamu yangu alikuwa akiipelekea chakula kwa lori miaka ile ya tisini, akirudi Mombasa na vumbi la Turkana ndani ya masikio. Kama kuna mtu ambaye mimi, kati ya mashabiki wote wa mji huu, ningepaswa kumtupia jicho, ni yeye. Lakini macho yangu yaliishia kwenye namba za juu. Alingoja hadi 2016 kuanza kucheza, akaikosa fainali ya mwaka huo kwa jeraha la goti, na mwaka 2021, akiwa mlinzi wa Port Adelaide, aliteuliwa kwenye kikosi bora cha msimu cha nchi nzima.

Sasa klabu yetu imepata kijana mwingine. Sitamtaja, kwa kuwa ana miaka 18 na waliokwisha kumtaja wanatosha. Jumatatu nilikwenda Gosch's Paddock, uwanja wa mazoezi ulio karibu na ule mkubwa, nikasimama pamoja na watu wapatao thelathini. Bibi mmoja mwenye skafu nyekundu na buluu alishasema kwamba kijana anamkumbusha mchezaji fulani wa zamani, na mwanamume aliyesimama kando yake akapinga kwa kumtaja mwingine, wakabishana hivyo kwa dakika kumi bila hata mmoja wao kumtazama kijana mwenyewe. Nusu ya uchambuzi wetu ndivyo ulivyo: tunamtafutia mtoto wa watu sura ya mtu tuliyempoteza. Mwingine alikuwa na wasiwasi na mapaja yake, kwamba ni membamba. Ni membamba kweli. Yangu pia yalikuwa membamba nikiwa na umri ule, na sikuwa nikirukiwa na wanaume wa kilo mia.

Mimi nilimtazama kwa muda wa saa nzima. Katika zoezi moja alipaswa kukimbia kuelekea mpira wa juu na kuudaka mbele ya mlinzi mkongwe, na mara mbili ulimtoka vidoleni. Mara zote mbili hakuitazama mikono yake wala hakumtazama kocha. Aligeuka kabla mpira haujatulia, akaufuata ukiwa bado unadundadunda, kwani mpira huu wa yai hauna adabu na hujiendea utakako, akauokota kwa mkono mmoja na kuutoa kwa mwenzake. Mara ya tatu aliudaka. Watu walipiga makofi kwa ile ya tatu.

Basi jana usiku nilichukua kalamu nikaandika tarehe, urefu wake, na sentensi moja tu: mpira ukimponyoka, yeye ndiye wa kwanza kuufuata. Mpwa wangu aliusoma mstari huo, akaona nimempunja. Alitaka maksi kati ya kumi, kama nilivyowapa wote waliotangulia, akataka pia nitaje mwaka atakaoanza kucheza kila wiki. Nilimwambia akalale, kesho ana shule.

Asubuhi hii nimelikuta daftari limefunikwa vizuri juu ya meza. Chini ya mstari wangu ameongeza wake kwa penseli, kwa mwandiko wa haraka: saba na nusu, mapaja yataongezeka.