Kutembea na kukaa barazani: afya isiyonunuliwa

Watu wengi huikatia tamaa afya yao kabla hata ya kuanza kuishughulikia, kwa sababu matangazo ya kumbi za mazoezi, ya vidonge vya vitamini na ya unga wa lishe yamejaa kwenye simu zetu kiasi cha kutufanya tuamini kwamba asiye na fedha ya ziada hana njia ya kujitunza. Mimi ni mwalimu wa skuli, ninaishi Mjini Unguja kwa upande wa Ng'ambo, na mshahara wangu hauna nafasi ya vitu hivyo. Ninaamini kwamba mwili na akili hutunzwa kwa jambo moja tusiloliuziwa na mtu yeyote, nalo ni kutoka nje ya milango yetu tukawa pamoja na wenzetu, ama kwa kutembea ama kwa kukaa na kuzungumza.

Mwongozo wa mwaka 2020 wa Shirika la Afya Duniani unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, ambayo kwa kiwango cha chini ni nusu saa kwa siku 5. Kutembea kwa haraka, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini haukuruhusu kuimba, kunahesabiwa kikamilifu. Kwa hiyo, anayetoka Michenzani akapita Darajani hadi Forodhani kisha akarudi kwa miguu badala ya kupanda daladala, sehemu yake ya siku hiyo ameshaitimiza, na nauli imebaki mfukoni. Mwongozo huo unataka pia misuli itumikishwe angalau siku 2 kwa wiki, na kwa hilo ngazi za maghorofa yetu na ndoo za maji tunazozipandisha zinasaidia.

Wakati ninaoupenda kuliko wote ni baada ya chakula cha usiku. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila ya kuitegemea insulini, homoni inayoushusha wingi wa sukari kwenye damu, na ndiyo sababu matembezi mafupi baada ya kula huizuia sukari isipande sana, jambo lenye uzito katika nyumba kama yetu ambamo wali haukosekani na kisukari kimeshawapata wazee kadhaa. Natembea na wifi yangu pamoja na jirani zetu wawili, tukiwa na mabuibui yetu na raba miguuni. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa wanawake wengi ninaozungumza nao hawazuiwi na uvivu wala na ukosefu wa muda peke yake, bali na haya ya kuonekana wakifanya mazoezi peke yao mbele za watu. Kundi huiondoa haya hiyo, na zaidi ya hapo humfanya mtu atoke hata siku ambayo hana hamu, kwa sababu mwenzake ameshafika mlangoni anampigia hodi.

Kwenye chakula nitasema machache. Shirika hilo linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, ambazo ni takriban kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu tunachokula, na sisi watu wa pwani tunaopenda papa na ng'onda tunakivuka kiasi hicho kwa urahisi. Chumvi nyingi huufanya mwili ubakishe maji, damu ikaongezeka wingi na presha ikapanda. Kuipunguza hakugharimu chochote, na kupunguza sukari kwenye chai hata kunaokoa fedha.

Upande wa akili ndio unaonishughulisha zaidi, kwa sababu ndio tunaouficha. Daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, ameeleza hadharani jinsi mgonjwa wake kijana alivyojiua wakati familia ilikuwa haina nauli ya kumrudisha hospitalini. Kutokana na msiba huo, mwaka 2006 alianza mjini Harare na wanawake wazee 14, akawafundisha kumsikiliza mtu kwenye benchi la mbao nje ya kituo cha afya: aeleze shida zake zote, achague moja, kisha yeye mwenyewe atafute hatua ndogo inayowezekana wiki hiyo. Utafiti uliofanyika katika vituo 24 vya mji huo na kuchapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba, baada ya miezi 6, waliopitia kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo umefika hata hapa Zanzibar.

Mabenchi sisi tunayo, yamejengwa kwa mawe kwenye kuta za nyumba zetu tangu enzi za mababu. Lakini baraza limekuwa la wanaume zaidi, wenye kahawa yao, bao lao na dhumna, na mara nyingi mazungumzo huishia kwenye siasa na mpira bila ya yeyote kuulizwa hali yake kwa dhati. Wanawake tulikuwa na vikao vya kusuka ukili na kushona kofia, ambapo mikono ikiwa na kazi ulimi hulegea na mtu husema lile ambalo asingelisema akitazamwa usoni. Vikao hivyo vinapungua mitaani kwetu, na ninasikitika kwamba nafasi yake imechukuliwa na simu, ambayo inatupa habari za watu wengi na haitupi mtu wa kutusikiliza, tena inatukesha usiku tukakosa hata usingizi.

Hata hivyo, kusikilizwa hakuchukui nafasi ya matibabu. Anayeshindwa kulala wala kula kwa zaidi ya wiki mbili, anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au anayezungumzia kufa, anahitaji kuonwa na mtaalamu, na kwetu wataalamu wapo katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Ukimshuku ndugu au jirani yako kwamba anafikiria kujiua, muulize waziwazi, kwa kuwa swali hilo halimtii wazo ambalo hakuwa nalo, na mara nyingi humpa nafuu ya kulitamka. Kisha usimwache peke yake: mwombe akufuate, na mwende hospitalini pamoja siku hiyo hiyo.