Ninunue Mass Effect au nipotezee?

Jamani wapenzi wa magemu, leo nina mtihani.

Mass Effect Legendary Edition imeshuka bei na hela ninayo. Kidole kimeganda juu ya kitufe cha kulipia.

Kwa wasioijua: gemu ya kwanza ilitoka 2007, kazi ya BioWare wa Kanada. Wewe ni Kamanda Shepard, una chombo chako cha angani na kikosi chako, na maamuzi unayofanya humo yanakufuata mpaka gemu ya tatu. Toleo hili la 2021 limekusanya zote tatu.

Mchana nilipita kwa binamu yangu, bado ana ile ya zamani kwenye Xbox 360. Akaniwashia nionje.

Upigaji risasi umezeeka, tusidanganyane. Ile gari yao, Mako, inadundadunda utadhani haina breki.

Lakini lifti!

Inapanda taratibu mno, kumbe ndiyo ujanja wa kuficha kwamba gemu inapakia eneo linalofuata. Mnasimama mle ndani, na wenzako wawili wanaanza kupiga soga nyuma yako. Binamu analalamika inachelewa, mimi nimetega sikio, naomba isifike.

Sasa kwenye kompyuta toleo jipya linataka nafasi ya GB 120. Hapo bado bando.

Mliocheza, semeni ukweli: nilipie usiku huu au nivumilie? Na msinihadithie mwisho, tafadhali!