Jedwali lililojaa 6: nilivyokutanisha makundi kwenye R

Ukiuliza namna ya kukutanisha makundi mawili (yaani kuhesabu wangapi wako kwenye kila mchanganyiko, mfano jinsia na kukubaliwa) kwenye R, programu ya takwimu, utaambiwa: andika table(), umemaliza. Mimi nilijibiwa hivyo na mtu asiye na chembe ya shaka. Basi nikaupeleka ushauri wake kwenye UCBAdmissions, data inayokuja na R yenyewe, hulipii hata senti. Ni waombaji 4,526 wa masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, katika idara 6 kubwa.

d <- as.data.frame(UCBAdmissions)
table(d$Gender, d$Admit)

Jibu: 6, 6, 6, 6. Jedwali zima!

R haina kosa. d ina mistari 24 tu na kila mstari tayari ni jumla; idadi ya watu imekaa kwenye safu ya Freq. table() huhesabu mistari, haijali kama mmoja umebeba watu 512 na mwingine 8. Lipeleke jedwali hilo kwenye chisq.test(), kipimo cha kama makundi mawili yanahusiana, uone: p = 1 (hakuna dalili yoyote ya uhusiano), kwa utulivu kabisa, kana kwamba jinsia na kukubaliwa havijawahi kukutana. Mtaalamu wangu angeiweka hiyo kwenye ripoti.

Dawa ni xtabs(), ambayo unaiambia cha kujumlisha kabla ya alama ya ~:

t <- xtabs(Freq ~ Gender + Admit, data = d)
round(100 * prop.table(t, 1), 1)

Sasa wanaume waliokubaliwa ni asilimia 44.5, wanawake 30.4. Ile 1 iliyo ndani ya prop.table() ndiyo inayosema asilimia ihesabiwe ndani ya kila mstari. Weka 2 kama unataka kwa safu. Ukiisahau, kila namba inagawanywa kwa watu wote 4,526. Na addmargins(), inayoongeza jumla pembeni mwa jedwali, iache mwisho kabisa. Ukiitanguliza, safu ya Sum nayo inaingia kwenye hesabu na asilimia zote zinapungua nusu: wanaume wanashuka hadi 22.3. Hakuna onyo lolote litakalotokea.

Wengi huishia kwenye 44.5 na 30.4, wanatangaza upendeleo. Ongeza idara:

t3 <- xtabs(Freq ~ Gender + Dept + Admit, data = d)
ftable(round(100 * prop.table(t3, c(1, 2)), 1))

Idara A: wanawake 82.4, wanaume 62.1. Wanawake wanaongoza pia B, D na F. Wanaume wanaongoza C na E tu, tena kwa pointi chache. Picha imegeuka kwa sababu zaidi ya nusu ya wanaume waliomba A na B, ambako ni rahisi kuingia (1,385 kati ya 2,691), huku wanawake wakiwa 133 tu kati ya 1,835. Hapo ndipo nilipoacha kabisa kuamini jedwali la vitu viwili kabla ya kujaribu la vitu vitatu.

Kwenye data zako mwenyewe, table() huficha NA (thamani zinazokosekana) kimyakimya; ongeza useNA = "ifany". Vilevile makundi hupangwa kwa alfabeti, kwa hiyo "Juu" hutangulia "Kati", na "Chini" hukaa kwanza: panga kwa factor(x, levels = c("Chini", "Kati", "Juu")). Na chisq.test() ikilalamika kuhusu makadirio, angalia $expected, yaani idadi inayotarajiwa kwenye kila kisanduku. Zikiwepo zilizo chini ya 5, tumia fisher.test(), kipimo kisichotegemea makadirio hayo.