Siku Moja Maishani Mwangu: Kumfundisha Mtu Mzima Njia ya Kazini

Saa 12 asubuhi nipo Magomeni, Dar es Salaam, nyumbani kwa dada wa miaka 27 mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ujifunzaji, ambaye ninamfundisha kwenda mwenyewe kwenye karakana ya ushonaji Gerezani. Mama yake anapoanza kumkaririsha maelekezo, ninamwomba, "Mama, tumwache kwanza azipange picha za vituo," kwa kuwa wengi wenye hali hiyo hushika mfuatano wa mahali walipopaona vizuri kuliko mfuatano wa maneno waliyoyasikia. Kwa wenye sindromu ya Williams, hali nyingine ya kuzaliwa nayo, mara nyingi huwa kinyume; ndiyo sababu jina la jumla la ulemavu wa akili haliniambii mtu atakumbuka nini.

Saa 1 na nusu tumo ndani ya basi la Mwendokasi, lenye njia yake maalumu. Alama zetu ni vitu visivyohama: bonde la Jangwani, kisha kituo cha zimamoto pale Fire, ambapo mabasi ya Kivukoni hunyoosha na ya Gerezani hukata kulia kuingia Mtaa wa Msimbazi. Muuza machungwa hafai kuwa alama, maana kesho huenda akauzia kwingine.

Asubuhi iliyobaki ni ya cherehani.

Saa 8 mchana ninazungumza na familia ya kaka wa miaka 46, naye ana sindromu ya Down, ambaye siku hizi hapotezi tu vitu, bali huupoteza mlango wa choo alioutumia kwa miaka. Wanamwona mkaidi. Ninawaeleza kwamba kromosomu ya 21 (moja ya nyuzi za urithi ndani ya seli), ambayo yeye anayo ya ziada, hubeba jeni inayohusika na ugonjwa wa Alzheimer, unaofifisha kumbukumbu, hivyo ugonjwa huo huwawahi watu kama yeye; lakini macho na tezi ya shingo vipimwe pia, kwa sababu matatizo ya hapo nayo huweza kumchanganya mtu, na yanatibika.

Saa 10 jioni ninarudi na yule dada wa asubuhi, na hapa ndipo penye kazi kubwa. Kuijua njia ya kwenda si kuijua ya kurudi, kwani kila alama sasa inaonekana kwa upande mwingine, na kubuni njia ya mkato huwawia vigumu zaidi wengi wenye sindromu ya Down. Kwa hiyo ninaifundisha safari ya kurudi upya, tangu mwanzo. Mvua ikifunga barabara ya Jangwani, tumekubaliana asitafute njia nyingine: abaki kituoni, ampigie mama yake simu.

Kesho atakaa mbele, nami nitakaa nyuma bila kumwambia neno.