Nilivyopata rangi za sauti katika obo

Rangi ya sauti ya obo, ala ya muziki ya kupuliza, niliipata kwanza kwenye kisu, midomo ikafuata. Obo hupulizwa kupitia ulimi wa vipande viwili vya tete vilivyofungwa kwa uzi juu ya kijibomba, na wapigaji wengi waliobobea huutengeneza wenyewe. Tete linalosifiwa sana hutoka Var, kusini mwa Ufaransa. Huchongwa kwa ndani mpaka unene wa karibu milimita 0.6, hukunjwa, hufungwa, ndipo kukwangua kunapoanza. Ncha nyembamba huifanya noti iitike upesi. Nyama ya tete inayoachwa nyuma ya ncha, tunayoiita moyo, ndiyo inayoipa sauti kiini. Ukiikwangua kupita kiasi sauti hutawanyika. Wamarekani hukwangua mbali kuelekea nyuma, mtindo uliokuzwa na mpiga obo Marcel Tabuteau huko Philadelphia. Mimi nimebaki na mkwanguo mfupi wa Ulaya, kwa sababu unaniachia nafasi ya kugeuza sauti kwa mdomo.

Na mdomo ndio kazi yenyewe. Nilichukua A, noti ambayo okestra nzima hulinganishia vyombo, nikaishikilia kwa pumzi ileile huku ndani ya kinywa nikizipanga irabu: i, e, a, o, u. Kwenye i ulimi wangu hupanda, sauti hung'aa na kuchoma. Kwenye o taya hulegea, sauti hujaa lakini noti hutaka kushuka, na hapo tumbo lazima lisukume pumzi zaidi ili ibaki mahali pake. Kubana kwa midomo huiokoa noti na kuiua rangi, kwa hiyo kipima noti kilikaa mbele yangu kila siku. Kisha nikaongeza kina: ulimi wa obo ukiingia zaidi kinywani sauti huwa kali, ukitoka kidogo huwa ya upole. Katika nzumari ya pwani ulimi wote huingia mdomoni na sauti hubaki ya kushambulia, inavyostahili ngomani. Kwenye obo midomo huugusa, na uhuru wote uko pale.

Vidole vina rangi zao pia. Noti F ya vidole vya panda, yaani tundu la katikati likiachwa wazi, hutoka imefunikwa. Nikifungua kitufe cha E bemoli (E iliyoshushwa nusu toni), sauti yake hufunguka, lakini katika wimbo wa majonzi mara nyingi naiacha ilivyo. Noti za juu naweza kuzipata kwa vidole vya noti za chini pamoja na kitufe cha oktava, kinachopandisha noti, zikatoka hafifu, kama zimepitia pazia. Walimu wengi husifu sauti nzito, ya giza, kana kwamba ndiyo pekee nzuri. Sikubaliani nao. Chombo hiki, ambacho mara nyingi huchongwa kwa mpingo unaokatwa Tanzania na Msumbiji, kinaweza kulia na kushangilia katika sentensi moja ya muziki. Siku hizi, kabla ya kupiga kipande chochote, naandika irabu chini ya noti kwa penseli.