Ataiba nini tena?

Shemeji yangu anaendesha taksi-bisi kati ya mtaa wetu wa Katuba na mjini Lubumbashi, na kwa siasa hana mpinzani pale kituoni. Wenzake wakibishana mambo ya Kinshasa, yeye amekwisha kuhamia Marekani. Ameshikilia kwamba Michael Bloomberg, yule aliyekuwa meya wa New York, alipaswa kugombea urais kama mgombea binafsi, bila chama chochote, na kwamba Wamarekani walichezea bahati. Ukimuuliza sababu, jibu ni lilelile: "Ule ni mutu wa makuta," yaani mtu wa pesa. "Ataiba nini tena?"

Mimi kazi yangu ni kambisti, mbadilishaji fedha. Nakaa kwenye meza, mabunda ya franka mbele yangu, mwavuli juu, kwa hiyo kwenye hoja ya makuta nina haki ya kusema. Mteja anayeleta dola 20 za ada ya mtoto huuliza kiwango, huhesabu, huenda zake. Anayeleta elfu kadhaa ndiye anayenisimamia hapo akitaka nimwongezee franka kumi kwa kila dola. Noti yangu ikiwa na mkato wa upana wa ukucha, anairudisha. Yake ikiwa na mkato huohuo, anashangaa kwamba nimeuona. Sisemi ni mwizi. Nasema amezoea kukubaliwa, na siku ukimkatalia anakutazama kama umemtukana.

Basi nikaanza kusoma habari za huyo bwana jioni nikishafunga. Mwaka 1981 alifukuzwa kazi katika benki ya Salomon Brothers, akaondoka na dola milioni 10 za hisa zake, akafungua kampuni ya kuziuzia benki habari za bei na masoko kwenye kompyuta. Biashara hiyo naielewa bila mwalimu: anayejua kiwango cha leo kabla ya wenzake ndiye anayekula. Mwaka 2001 akautaka umeya. Alikuwa mtu wa chama cha Democratic, ila upande huo foleni ilikuwa ndefu, akahamia Republican, akamwaga zaidi ya dola milioni 70 zake mwenyewe, akashinda. Mshahara akaukataa, akachukua dola 1 kwa mwaka. Shemeji anaipenda sana hadithi hiyo ya dola 1. Mimi humwambia kwamba noti ya dola 1 hapa Lubumbashi hata mama wa nyanya haipokei.

Sitamnyima haki yake. Alikataza sigara kwenye baa na migahawa mwaka 2003, na mwaka huohuo akaanzisha namba 311 ambayo mkazi anapiga kulalamikia shimo la barabarani. Shimo la barabarani! Sisi wa Katuba tungempigia nani, na simu ingekatwa saa ngapi? Kwa miaka yote ninayokumbuka meya wetu ametoka kwenye amri iliyosainiwa Kinshasa, sio kwenye kura zetu. Kwa hiyo naelewa mtu wa huku akisikia meya aliyechaguliwa, tena anayepokea malalamiko, anaona huyo apewe nchi nzima mara moja.

Lakini kuna jambo la mwaka 2008 ambalo shemeji hulipita kwa kasi, kama anavyolipita kizuizi cha polisi akiwa hana karatasi.

Sheria ya New York ilimruhusu meya mihula miwili mfululizo, basi. Wakazi waliipigia kura wenyewe mwaka 1993. Mwaka 1996 wakaulizwa tena, wakajibu vilevile. Halafu benki za Marekani zikatikisika, na Bloomberg akasema mji unamhitaji mtu anayejua fedha. Hakurudi kwa wapiga kura kuwauliza mara ya tatu. Alipitia baraza la mji, na baraza likabadili sheria kwa kura 29 dhidi ya 22. Magazeti ya huko yaliandika kwamba mashirika ya hisani yaliyokuwa yakipokea misaada yake yaliombwa yamsemee. Mwaka 2009 akagombea, akatumia zaidi ya dola milioni 100, na bado alimshinda mpinzani wake kwa tofauti isiyofika pointi 5.

Mkongomani hapo hahitaji mkalimani. Katuba nzima, hata bibi asiyejua kusoma, inaijua ibara ya 220 ya katiba yetu, ile inayokataza kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais. Tuliifahamu barabarani, mwaka 2016, muhula wa pili wa Joseph Kabila ulipokwisha mwezi Desemba bila uchaguzi kuitishwa. Tulipiga kura Desemba 2018. Tangu Rais Tshisekedi aanze kuzungumzia kubadili katiba, mwaka 2024, ibara hiyo imerudi midomoni. Halafu shemeji huyuhuyu, ambaye ukimtajia muhula wa tatu wa Kongo anasimamisha gari abishane vizuri, wa New York anamsamehe kwa sababu ni tajiri.

Bloomberg hakuwa na jeshi, na wapiga kura walipata nafasi ya kumkataa, hilo nalikubali. Ninachouliza ni nani alibaki wa kumkataza kabla mambo hayajafika kwenye kura. Juni 2007 alikuwa amekwisha kutoka Republican. Mtu wa chama angeitwa na wakubwa wa chama, angeambiwa nyuma yake kuna watu wanaongoja zamu, kungekuwa na kelele na kununiana. Yeye hakuwa na wa kumwita. Hakuhitaji mchango wa mtu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumtishia kwamba atauondoa. Watu husifu hapo: hanunuliki! Sawa, hanunuliki. Ila na wewe huna cha kumshikia.

Polisi wake waliwasimamisha na kuwapekua watu barabarani zaidi ya mara 680,000 mwaka 2011 peke yake, wengi wao vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wengi hawakukutwa na kosa lolote. Wakazi walilalamika miaka na miaka. Mwaka 2013 jaji akasema namna ilivyofanywa inavunja katiba. Bloomberg akaendelea kuitetea. Aliomba radhi kanisani, Brooklyn, Novemba 2019. Wiki ile iliyofuata akatangaza kugombea urais, safari hii ndani ya Democratic, ambako kura za weusi zina uzito. Utasema ni unafiki. Mimi naona ndiyo faida ya chama: kilimlazimisha kupiga goti mbele ya watu ambao pesa zake hazikuwahi kumlazimisha hata kuwasikiliza.

Kuna na hesabu. Shemeji anafikiri kura za rais kule zinajumlishwa kama zetu, anayeongoza anachukua. Hapa, tangu katiba ilipobadilishwa mwaka 2011, ni duru moja tu. Mwaka 2018 mshindi alitangazwa kwa asilimia 38.57. Kule kila jimbo lina wajumbe wake wa kumchagua rais, jumla 538, na rais lazima apate 270. Karibu majimbo yote humpa aliyeongoza wajumbe wote. Ross Perot, tajiri wa Texas, aligombea peke yake mwaka 1992, akapata karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima, na wajumbe sifuri. Na asipopatikana wa 270, Baraza la Wawakilishi ndilo linalochagua, kila jimbo kura moja, kubwa kwa dogo. Sasa mtu asiye na chama atapata wapi marafiki kwenye baraza lililojaa watu wa vyama viwili?

Bloomberg mwenyewe hesabu hiyo aliijua kuliko sisi. Februari 2008 alisema hagombei. Machi 2016 akarudia, akaeleza kwamba mbio za watu watatu zingeweza kumpa ushindi Donald Trump au Ted Cruz. Uamuzi huo wa pili ndio ninaouheshimu kuliko yote aliyoyafanya, kwa sababu mara hiyo alijikataza mwenyewe.

Shemeji akibanwa hapo anarudi nyumbani: mbona Kabila alishinda mwaka 2006 na 2011 akiwa ameandikishwa kama mgombea binafsi? Kweli, ndivyo karatasi zilivyosema. Ila nyuma yake palikuwa na chama chake cha PPRD, na vyama rafiki vya kujaza ukumbi, na serikali yenyewe mkononi. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, mwenye Nobel ya Amani ya mwaka 2018, aliingia mwaka 2023 bila mashine ya namna hiyo, akatangaziwa chini ya asilimia 1.

Na tuseme ukweli, najua shemeji anamsema nani anapomtaja Bloomberg. Jezi nyeusi na nyeupe ya timu ya mpira ya Mazembe haimtoki mwilini. Moïse Katumbi ni tajiri, amekuwa rais wa timu tangu mwaka 1997, alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015; mtu wa huku akisikia tajiri aliyetawala mji mkubwa na anautaka urais, moyo wake haupiti Brooklyn, unakwenda moja kwa moja uwanja wa Kamalondo. Ila hata Katumbi, mwaka 2023, alikuja na chama chake, akazunguka nchi na wanasiasa waliomuunga mkono, akatangazwa wa pili kwa asilimia 18 hivi. Hakwenda peke yake. Nilipomwambia hivyo shemeji alikunywa bia yake ya Simba nusu chupa bila kujibu, na kwake hiyo ni kimya kirefu.

Halafu akauliza ule wa New York alipoingia kwenye chama alipata nini. Nikamwambia: zaidi ya dola bilioni 1 za mfukoni kwake, miezi mitatu na siku kadhaa, na mahali pamoja alipoongoza kwenye kura za chama za kumteua mgombea, visiwa vya American Samoa, ambako watu hata hawapigi kura ya rais mwezi Novemba. Machi 2020 akatoka, akamuunga mkono Joe Biden.

"Lakini aliongoza," shemeji akasema, akaagiza nyingine, na akaniachia mimi kulipa, kwa sababu eti kambisti hakosi makuta.